Kipande cha Baba

Bibi yangu mzaa baba alipokufa, mtu wa kwanza kuingia uani hakuja kulia. Alikuja kuchekesha. Alikuwa Mnyamwezi wa kambi ya mkonge, mrefu, meno yametangulia mbele, jina lake silikumbuki na sina haja nalo. Alipita katikati ya waliaji, akaingia chumbani, akatoka amejifunga kanga ya marehemu, ile ya kahawia iliyochanika pindo. Akaanza kutembea kama yeye. Mguu mmoja anauburuta, mkono kiunoni, anakohoa kile kikohozi cha tumbaku. "Nani kagusa chungu changu?" anasema, kwa sauti ya bibi hasa. "Nani kagusa chungu changu, enyi wana wa fisi?" Shangazi zangu waliokuwa wakigaagaa chini wakaanza kucheka huku machozi hayajakauka.

Jeneza lilipotaka kutoka, akalala mlangoni, kifudifudi. "Hatoki! Huyu mtumwa wetu, na sisi hatujatoa ruhusa azikwe. Leteni jogoo kwanza." Baba, ambaye mama yake ndiye aliyekuwa ndani ya jeneza lile, akamjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, ingawa nayajua yote. Wakatukanana mpaka wakachoka. Jogoo akaletwa, mlango ukafunguka, bibi akaenda zake.

Nilikuwa mtoto wa miaka sita hivi. Nilimuuliza mama mbona mtu yule hapigwi. Mama akaniambia, "Yule mtani wetu. Sisi Wazigua na Wanyamwezi ni watani toka enzi za babu. Mtani hakasirikiwi. Akikutukana, mtukane zaidi. Ukinyamaza, umemdharau." Neno hilo likaingia kichwani mwangu likakaa, na lingekaa huko Handeni kwetu lisingemdhuru mtu.

Mtaniuliza mkonge wa Handeni unaingiaje Nairobi. Unaingia, tulieni. Mimi shule niliiona kwa madarasa mawili na nusu, sijafundishwa kuanzia mwanzo na kumalizia mwisho. Naandika kama ninavyosema.

Ninakaa Mowlem, hapa Nairobi, kwa mwanangu, ghorofa ya nne, magoti yananitukana kila ngazi. Juzi mjukuu wangu wa kike, anayetafuta kitambulisho, akaja na karatasi yake akasimama mbele yangu. "Shosh, budako alizaliwa wapi? Wasee wa ofisi wanauliza mpaka mambo ya huko nyuma."

"Baba yangu wa kwenye karatasi, au aliyenizaa?"

"Kwani wako wawili?"

"Andika Majengo, na uniondolee hiyo sura."

Akaandika. Kitambulisho changu mimi, pale penye jina la baba, pana jina la Mzee Mrisho, muuza kahawa wa Majengo, ambaye hakunizaa wala hakulala nyumbani kwetu hata siku moja. Ni uongo. Nimepigia kura na uongo huo, nimeolewa nao, nimezikia mume nao. Wako wazee wenzangu, sikizeni niwaambie, wanaopenda kukaa na kahawa wakisema zamani watu walikuwa na utu. Utu wa nani? Mimi nilikuwepo. Nilisimama mbele ya huo utu na kidole mdomoni.

Bibi alipokwisha kuzikwa, baba alisema hana tena cha kumfunga pale. Alikuwa fundi wa magodoro ya sufi, na mtu alimwambia Nairobi watu wanalala juu ya magunia, fundi atapata kazi mpaka aikimbie. Tukapanda basi. Karibu na mpaka akaniegemeza begani pake. "Lala. Ukiulizwa kitu, usiamke." Nikafumba macho. Nilisikia viatu vizito vikipita, vikasimama, vikanuka ngozi na vumbi, vikaendelea. Nilipofumbua macho, mama alikuwa anaminya kidole gumba chake mpaka kimekuwa cheupe.

Majengo tukapata chumba katika nyumba ya udongo, paa la madebe yaliyokunjuliwa. Baridi ilikuwa inaingia kwa kila tundu la msumari. Baba akapata kazi katika karakana moja kule Gikomba, anajaza magodoro toka asubuhi mpaka jioni, akirudi sufi imemjaa nyusi, masikio, ndevu. Mama alikuwa anamchambua mlangoni kama kuku. Nikisikia harufu ya sufi iliyolowa hata leo, pua yangu inaziba. Watoto wa pale walinizunguka siku ya kwanza, nikasema "Hamjambo?", wakaanguka chini kwa kicheko. "Anaongea kama redio! Wewe redio, hebu tusomee habari!" Nikaitwa Redio mpaka nikasahau jina langu. Sikucheza nao. Kuna mmoja, sasa ni mtu mzima ana duka lake Lucky Summer, nikipita ananiamkia kwa heshima. Sijamsamehe. Nampa mkono kwa sababu ya dini.

Furaha yetu ilikuwa Mzee Mrisho tu. Alipita na birika lake la kahawa, akagonganisha vikombe, akamsikia baba akinena na mama Kizigua. Akasimama. Babu yake huyu Mrisho alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mpagazi aliyefika Nairobi na mizigo ya Wazungu akabaki, na yeye mwenyewe alizaliwa hapo hapo Majengo.

"Mzigua?" akasema. "Tangu lini Mzigua akalala chini ya paa? Babu yangu aliwaacha porini mnakula mizizi."

Baba akaruka kutoka kwenye kigoda kana kwamba kimeshika moto. "Babu yako aliyekuwa anabeba bakora na chungu cha choo cha Mzungu? Huyo namjua! Alikuwa mali yetu, akatoroka!"

Wakashikana mikono wakatikisana. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona baba akicheka toka msiba. Toka hapo kila asubuhi Mrisho alipita mlangoni kwetu. Na mimi akaniingiza. "Binti Mtumwa! Babako kaamka au mimi mumeo nimeshamuuza?" Mimi nikajibu, "Mtumwa mwenyewe, babu yako alibeba mizigo mpaka akaota kibiongo kama ng'ombe!" Tusi likiwa zuri, alinipa kipande cha kashata. Likiwa baya, alikionyesha kisha akakila mwenyewe mbele yangu. Hiyo ndiyo shule niliyohitimu. Nilikuwa nalala nikitunga matusi ya kesho.

Basi mwenye karakana akawaita mafundi wake akasema kila mtu alete nambari ya kipande. Siku hizo watu wazima waliita kitambulisho kipande, toka zama za Mwingereza. Asiye na nambari mwezi ukiisha asije. Na njiani askari walikuwa wanasimamisha watu, "Kipande kiko wapi?", asiye nacho anapandishwa gari. Baba alianza kwenda kazini kwa kupitia vichochoroni, nyuma ya vyoo. Mama alikuwa mja mzito, miguu imevimba kama mihogo. Nilichoelewa mimi ni hiki: magodoro ya karakana yalipakwa nambari kwa rangi nyekundu, kwenye kona, ili kila moja lijulikane la nani. Nikadhani baba naye atapakwa. Nilimuuliza kama rangi ile itatoka kwenye shati. Akaniambia, "Haitoki, ndiyo maana tunaitaka."

Mrisho ndiye aliyetoa shauri. "Sema umezaliwa hapa Majengo. Mimi nitakuwa shahidi, nitasema nilikuona ukinyonya. Kwa chifu kuna wazee wa mtaa, wanauliza maswali tu, wakiridhika karani anaandika, unachovya vidole kwenye wino, kwisha." Wakakaa siku tatu wanafanya mazoezi. Nyumba uliyozaliwa ni ipi, mkunga nani, babako alizikwa wapi, msikiti gani. Mimi wakati wa mazoezi nilitumwa bombani kuteka maji. Nataka hilo lieleweke vizuri. Baba alifundishwa, mama alifundishwa, Mrisho alijifundisha mwenyewe. Mimi nilitumwa maji. Halafu siku ilipofika wakanivisha gauni la kitenge wakanichukua, kwa sababu Mrisho alisema mzee mwenyekiti huwa anapenda kuona mtu ana familia, na mama hakuweza kutembea.

Palikuwa na banda la mabati katika kambi ya chifu. Ndani meza, karani na daftari kubwa, na wazee watatu kwenye benchi. Wawili kati yao walikuwa wanasinzia. Wa tatu ndiye mwenyekiti, mnene, koti la sufu na jua lote lile, ameshika hindi la kuchoma analikula kwa mistari, mstari mmoja mmoja, kama mtu anayelima. Watu walisimama nje kwenye laini, na kila aliyetoka alitoka akitazama chini.

"Wewe, kuja," mwenyekiti akamwambia baba. "Simama hapo. Ulizaliwa wapi?"

"Hapa Majengo, mzee."

"Babako alizikwa wapi?"

"Hapa hapa."

"Hapa wapi? Hapa ni kwangu, sijaona kaburi yake." Mzee mmoja akaamka akacheka, akasinzia tena. "Na hiyo Kiswahili umetoa wapi? Mtu wa Majengo haongei hivyo."

"Nilisoma chuoni, mzee. Madrasa."

"Huyu namjua," Mrisho akaingilia. "Nimemwona akinyonya."

"Sijakuuliza, mzee wa kahawa. Nauliza huyu." Akatema ganda la hindi. Ndipo akaanza. Sauti yake ilipanda polepole, akafurahia mwenyewe anavyosema. "Nyinyi watu mnatoka huko chini mmefunga shuka kiunoni, leo mnaomba maji, kesho mko na kazi, kesho kutwa mmeoa dada zetu. Tuwape na kipande pia? Sura kama nguchiro! Wewe ni mtumwa, unajua? Babako alikuwa mtumwa, huna kaburi, huna kwenu. Rudi kwa wenye walikununua!"

Nyinyi mnaosoma mnaelewa alichokuwa anasema. Mimi sikuelewa hivyo. Mimi moyo wangu uliruka kwa furaha. Tangu tufike Nairobi hakuna mtu aliyetutukana sawasawa isipokuwa Mrisho. Watoto walinicheka, lakini wale hawakujua kutukana. Huyu alijua. Mtumwa, huna kwenu, babako alinunuliwa: maneno yale yale ya watani, kwa mpangilio ule ule. Nikasema loo, kumbe tuna mtani mwingine mji huu, na ni mkubwa, na ana koti.

Nikamtazama baba ajibu. Baba amenyamaza. Ameinamisha kichwa, vidole vinachambua sufi kwenye mkono wa shati, na sufi yenyewe haikuwepo, mama alikuwa amemsafisha asubuhi. Nikaona aibu. Ukinyamaza, umemdharau. Mwenyekiti anangoja jibu, amefungua mdomo, punje ya hindi iko kwenye ulimi, na baba yangu anamdharau mbele za watu.

Basi nikajitokeza. Nikaweka mkono kiunoni kama yule Mnyamwezi alivyofanya na kanga ya bibi.

"Mtumwa mwenyewe!" nikasema. "Jitu zima lina tumbo kama mtungi wa pombe! Sisi Wazigua wa Handeni! Babu yangu alimuuza babu yako kwa kibaba cha chumvi, na chumvi yenyewe ilikuwa na mchanga! Leta jogoo!"

Wale wazee wawili wakaamka. Nikangoja kicheko. Kilichosikika ni kalamu ya karani.

"Handeni," karani akasema, bado anaandika. "Hiyo iko upande gani wa Kenya?"

Hakuna aliyejibu, kwa hiyo nikajibu mimi. "Si Kenya. Ni kwetu. Ukipita Korogwe unakunja."

"Mtoto ana homa, wazee wangu," Mrisho akasema haraka. "Tangu jana anaweweseka."

"Mzee wa kahawa," mwenyekiti akamwambia, pole pole sasa, "nyamaza, ama tuanze kukuuliza wewe pia babako alitoka wapi."

Mrisho akanyamaza. Miaka mingi baadaye alipokuja kujiandika kuwa baba yangu, nilijua anakilipia kimya kile, nikamwacha alipie. Sikuwahi kumwambia asante. Alikufa akingoja.

Mwenyekiti sasa akacheka, kicheko kikubwa, tumbo likaruka chini ya koti. Mimi nikacheka naye. Nilijua tu, nikasema moyoni, nilijua atacheka. Akapiga benchi kwa kiganja. "Kuja hapa, mama. Kaa na mimi. Unakula mahindi?" Akavunja hindi lake katikati akanipa upande usioliwa. Nikakaa karibu naye, miguu yangu haifiki chini. "Mlikuja na nini kutoka kwenu?"

"Na basi."

"Na kwa mpaka hamkusimamishwa?"

"Baba aliniambia nilale nisiamke."

"Ukalala?"

"Nilijifanya tu."

"Mwerevu wewe! Na huyu mzee wa kahawa amekuona ukinyonya?"

"Hapana. Alitukuta hapa. Yeye mtumwa wetu pia."

Kila jibu karani aliandika. Nikaeleza bibi, jogoo, mkonge, mto tunaoogea, majina ya shangazi zangu wote watano. Hakuna mtu mzima aliyewahi kunisikiliza muda mrefu hivyo, na sijui kama yuko aliyenisikiliza hivyo tena. Nikawa nakula mahindi. Yalikuwa matamu. Ninaweza kusema yaliniwia machungu, msomaji angependa, lakini yalikuwa matamu, yana chumvi na ndimu na pilipili, na niliyamaliza nikanyonya gunzi. Yule mtu sasa amekufa. Wakati wa msiba wake walitangaza kwa gari la vipaza sauti kwamba alikuwa mzee wa hekima, mpenda watoto. Nilisimama barabarani nikatema mate, na walioniona waliniona.

Alipotosheka alinisukuma kidogo nishuke. "Peleka huyu dirisha la wageni," akamwambia karani, bila kumtazama baba. "Waandike barua arudi kwao. Na familia. Nani mwingine?"

Dirisha la wageni lilikuwa upande wa pili wa kambi, na laini yake imezunguka mpaka ukuta wa choo. Mrisho alituacha mlangoni pa banda. Alisema anakwenda kumwambia mama, na alitembea akiwa ameshika vikombe vyake visigongane. Tukajipanga, mimi na baba, nyuma ya mtu aliyebeba kuku wawili.

Nilikuwa nimeanza kuhisi kwamba jogoo haletwi. Hakuna aliyecheka tena. Nikamtazama baba usoni kujua ni kosa gani, na hakuwa na hasira, ndiyo sababu nilishindwa kujua. Alikuwa ananitazama kama unavyotazama mtoto wa jirani anayepita, unajaribu kukumbuka ni wa nyumba ipi.

"Nani alikwambia ujibu?" akauliza.

"Mama. Alisema mtani akikutukana ukinyamaza umemdharau."

Akafikiri. "Kweli," akasema. "Ndivyo ilivyo." Halafu akauliza, "Ile ya mchanga kwenye chumvi, nani kakufundisha? Mrisho?"

"Nimetunga mwenyewe."

Akatikisa kichwa, mdomo ukasogea upande mmoja kama anataka kutabasamu. Laini ikaenda hatua moja, tukaenda nayo. Akatazama mbele, kuhesabu vichwa labda, akatazama dirisha lile na mkono wa karani uliokuwa unatoka na kuingia na karatasi. Akanishika bega akaniweka sawa sawa mahali alipokuwa amesimama yeye, miguu yangu penye alama za viatu vyake.

"Nishikie nafasi," akasema.

Watu wamenipa sababu nyingi tangu hapo. Mama alikuwa nazo kumi, mume wangu alikuwa na mbili, imamu alikuwa na moja ndefu. Kwamba alikwenda kututafutia njia, kwamba alikamatwa, kwamba aliona bila yeye tutahesabiwa wa Mrisho na hatutafukuzwa. Sizitaki. Mtu akiondoka kwa sababu nzuri, mahali pake panabaki pale pale pa wazi.

Alipita nyuma ya banda la mabati. Akapita wanawake waliokuwa wanachoma mahindi langoni, mmoja akamsemesha, akamjibu. Kwenye barabara alisimama kupisha mkokoteni uliojaa mitungi ya maji, akangoja mpaka umepita kabisa, kama mtu ambaye hana haraka. Akavuka. Mwenye kuku mbele yangu alisogea, nami nikasogea, na mwanamke wa nyuma akaniuliza, "Uko na nani hapa?" Nikamwonyesha kwa kidole, na mgongo wake bado ulionekana, shati jeupe katikati ya watu.

Hakurudi.